Shajara ya Kundi la Jumamosi

Jumamosi, 11 Januari

Ukumbi wa kundi letu la kuwafundisha vijana salamu na mazungumzo umepatikana. Uko nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka Rabai Road hapa Nairobi, paa la mabati, viti vya plastiki ambavyo kila cha tatu kina mguu mbovu. Tumelipia miezi mitatu. Mzee mwenye funguo ameshaamua kwamba sisi ni kwaya. Tumemsahihisha mara mbili, basi.

Vijana ni wanane, wa miaka 14 hadi 19. Watano wana usonji (autism), wawili wana ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kujizuia), mmoja ana vyote viwili. (Huyu wa mwisho angezaliwa mapema zaidi angeandikiwa kimoja tu. Mwongozo wa utambuzi wa Marekani, DSM, haukuruhusu vyote viwili viandikwe kwa mtu mmoja mpaka toleo la tano lilipotoka 2013.) Wote wanaongea. Wote wamewahi kuambiwa na mtu mzima kwamba hawana adabu.

Tunaoendesha ni watatu: mimi ninayefundisha kitengo maalum siku za wiki, mwenzangu wa tiba ya usemi, na kijana wa chuo anayejitolea, ambaye kwa sasa cheo chake ni kuchemsha chai.

Msingi wetu ni PEERS, mtaala wa stadi za kijamii kwa vijana, uliotungwa chuo kikuu cha UCLA kule Los Angeles na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel. Mwongozo wake wa 2010 una mikutano 14 ya dakika 90, na vijana wakiwa chumba kimoja wazazi huwa chumba cha pili wakisoma somo lilelile. Nimeupendea jambo moja: haumwambii kijana "jaribu kuchangamka", unamvunjia shughuli vipande vipande. Watu wawili wanaongea, wewe unataka kuingia. Sikiliza kwanza wanaongea nini. Sogea. Ngoja wanyamaze kidogo. Sema kitu kinachohusu walichokuwa wakisema. Wakikupa mgongo, ondoka bila kinyongo. Watu wengi hufanya hayo bila kujua kwamba ni hatua tano. Vijana wetu wanataka kuziona zimeandikwa.

Hatuna cheti cha PEERS na hatutaufuata neno kwa neno, kwa hivyo mbele ya wazazi tunasema "kundi la Jumamosi". Kila kijana amejichagulia jina la kutumia humu: Reli, Daktari, Malkia, Chapo, Nyuki, Simba, Kofia na Namba Saba. Namba Saba alikataa kueleza.

Jumamosi, 18 Januari: salamu

Tulipanga salamu zichukue dakika 15, kisha tuingie kwenye mazungumzo yenyewe. Saa tano na nusu, muda umekwisha, bado tulikuwa kwenye salamu.

Ilianza hivi. Kijana wa chai alimgeukia Daktari akamwambia, "Sasa!" Daktari akatazama saa yake, akajibu, "Sasa ni saa nne na dakika kumi na mbili." Wenzake wakacheka. Yeye akakunja uso, maana alikuwa amejibu sawasawa alichoulizwa.

Tukaandika ubaoni. *Sasa* hujibiwa poa au fiti. *Niaje* hujibiwa poa, lakini pia hujibiwa niaje, na hakuna anayeona ajabu. *Form ni gani* inaweza kuwa salamu na inaweza kuwa mtu kweli anataka kujua mpango wa leo. *Habari ya asubuhi* hujibiwa nzuri, hata kama nyumbani kuna matanga. Hapo Malkia akainua mkono: "Kwa hivyo tunafundishwa kudanganya?"

Nilikuwa na jibu refu la kiualimu, na nashukuru mwenzangu alinitangulia. Alitoka nje, akafunga mlango, akapiga "Hodi!" Wote wanane wakaitikia "Karibu!" kabla hawajafikiri. Akaingia. Akauliza: nimewauliza swali gani? Hakuna aliyejua. Nimewadanganya? Hapana. Basi, akasema, mtu akikuambia *sasa* amepiga hodi, na wewe ukisema *poa* umemfungulia. Habari zenu mtapeana mkishakaa.

Tumepata istilahi ya kundi: maneno ya hodi. Simba akaongeza kanuni ya pili ambayo amemsikia bibi yake akiitumia maisha yake yote bila kuipa jina: "nzuri kwanza, *ila* baadaye". Habari yako? Nzuri, ila mguu unaniuma. Habari za nyumbani? Nzuri, ila tumezika. Sijawahi kuiona kwenye mtaala wowote, na nimefundisha miaka kumi na moja.

Reli hataki kuguswa mkono, iwe kugota au kusalimiana kwa kiganja. Tumekubaliana aweke mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, kama wafanyavyo Waislamu wengi wasiposhikana mikono na mtu wa jinsia nyingine. Mtaani inaeleweka na inaonekana ni heshima. Alijaribu kwa mzee wa funguo, na mzee akamwita "kijana mwenye malezi".

Jumamosi, 25 Januari

Macho. Miongozo mingi kutoka ng'ambo humtaka kijana amtazame mtu usoni. Chumba cha wazazi kiligawanyika dakika ileile. Mama Simba: mtoto anayemkodolea mtu mzima macho anaonekana jeuri. Baba Nyuki: kwenye mahojiano ya kazi asipotazama watasema ana kitu anaficha. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana tumeliondoa jambo hili kwenye malengo. Reli alisema akitazama macho hasikii maneno. Kwangu masikio yake ni muhimu zaidi.

Jumamosi, 1 Februari: "nakuja"

Reli alifika amenuna. Jumatano binamu yake alikuwa kwao, akasimama, akasema "Nakuja," akatoka. Reli akamngoja getini tangu saa kumi mpaka giza likaingia. Binamu alikuwa ameenda kwao Umoja, akalala.

Sote Wakenya tunajua kwamba mtu akisema *nakuja* huku anavaa viatu, anaondoka. Nani aliwahi kufundishwa? Tukafuta somo la siku hiyo, tukatoa kalamu. Ndani ya nusu saa vijana wenyewe walikuwa wamejaza ubao: *niko kwa njia* (bado anatafuta soksi), *nitakupigia*, *tutafutane*, *karibu tule* anayoambiwa mpita njia na mtu mwenye sahani moja. Chapo alikiri kwamba kila akiambiwa karibu tule, yeye hukaa na kula. Mama yake, chumba cha pili, alipoletewa habari hii alifunika uso kwa leso.

Ugumu ni kwamba wakati mwingine *karibu tule* ni kweli. Ukikataa chakula nyumbani kwa mtu umemkosea, ukikikubali kwa mama mboga anayejilia chakula chake cha mchana umemnyima. Mwenzangu alitaka tufundishe kusoma sauti na uso. Daktari akapinga: kama angeweza kusoma sauti na uso asingekuwa hapa. Alitaka kipimo. Tumekuja na hiki, na karibu chote ni chake: *uliza saa na mahali*. Mtu akisema "tutaonana wiki ijayo", muulize, "Siku gani, wapi?" Akitaja, ni mpango. Akicheka na kusema tutaona, ilikuwa hodi ya kutokea, na huna haja ya kungoja getini. Kwa chakula: sema "asante, nimeshiba" mara ya kwanza. Akikukaribisha tena na kukuvutia kiti, kaa.

Hakifanyi kazi kila mara. Kinafanya kazi kuliko uso.

Jumamosi, 8 Februari

Ukumbi umechukuliwa na harusi. Hatukuambiwa. Vijana watano walikuwa wamefika, na kwa Simba mabadiliko ya ghafla ni pigo la mwili. Tulikaa naye chini ya mti karibu saa nzima. Jambo la kukumbuka: ujumbe wa simu kila Ijumaa jioni, hata kama hakuna kilichobadilika.

Jumamosi, 15 Februari: Nyuki

Nyuki anaweza kuzitaja hatua tano za kuingia kwenye mazungumzo akiwa amelala. Leo alizitaja, akapigiwa makofi, tukaenda mapumziko, na kabla chai haijapoa alikuwa amewakatiza watu watatu na kumpita Kofia kwenye foleni ya mandazi.

Sishangai, na nimejilaumu kwa kumpanga kana kwamba shida yake ni ile ya Daktari. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu mafunzo haya kwa watoto wenye ADHD hayakupata ushahidi wa maana kwamba yanawasaidia. Sababu naiona mbele yangu na mandazi mkononi: sheria anaijua, ila haimfikii wakati anapoihitaji. Kumfundisha sheria tena ni kumpa maji aliyezama.

Tumebadilisha mpango wake. Hatasoma hatua zozote mpya. Kijana wa chai atakaa upande wake wa kulia, na Nyuki akianza kumkatiza mtu atagonga meza kidole kimoja, papo hapo, bila neno. Pia atapewa kazi ya kugawa vikombe, maana anayegawa hapangi foleni. Baba yake aliuliza kama kiboko hakingekuwa rahisi zaidi. Nilimuuliza amekijaribu kwa miaka mingapi. Hakunijibu, lakini alibaki mpaka mwisho.

Jumamosi, 22 Februari: mchongoano

Siku niliyoifurahia kuliko zote.

Mada ilikuwa kutaniwa. PEERS ina somo zuri hapa: ushauri tunaowapa watoto sisi watu wazima, *mpuuze* au *mwambie mwalimu*, mara nyingi huwaongezea mateso. Badala yake kijana anapewa jibu fupi la kuonyesha kwamba maneno hayakumgusa, kisha anaondoka. Tukawaomba wataje yao. Zilizokubaliwa kwa kura: "Kwani?", "Na ni sawa", "Umemaliza?" Chapo alipendekeza moja ambayo siwezi kuiandika katika shajara inayosomwa na kanisa.

Tukaigiza, ikaenda vizuri, mpaka Namba Saba, ambaye kwa wiki tano alikuwa hajasema zaidi ya jina lake, akauliza: "Na ikiwa ni mchongoano?"

Mwenzangu ni mtu wa Pwani, ikabidi tumweleze jinsi watoto wa Nairobi wanavyochongoana: *ati wewe ni hivi mpaka vile*, zamu kwa zamu, na anayekosa la kujibu ndiye aliyelala. Shuleni kwa Namba Saba ni kila mapumziko. Alipigana mara mbili mwaka jana kwa sababu alidhani anatukanwa. Sasa tumemfundisha kusema "Umemaliza?" na kuondoka, jambo ambalo kwenye mchongoano ni sawa na kuondoka uwanjani mpira ukiwa miguuni mwako.

Basi tofauti iko wapi? Waliipata wao, kwa mabishano, na nimeinakili kama walivyoisema. Mchongoano una *ati* mwanzo na *mpaka* katikati. Anayechongoa anangoja umjibu. Wewe ukimpata, wanacheka wewe uwe umeshinda, naye anacheka. Kutesa hakungoji jibu, na wanaocheka hucheka upande mmoja tu. Kama hujui ni kipi, jibu kwa *ati* moja uone kama wanakungoja.

Halafu tukatunga. Malkia: "Ati nyumba yenu ni ndogo mpaka mkikaranga chapati, mnaigeuzia kwa jirani." Reli alikaa kimya dakika nne, nilizihesabu, kisha akatoa hii: "Ati treni yenu ni pole mpaka abiria anashuka Emali, ananunua maembe, anaipata Kibwezi kwa miguu." Vituo viko kwa mpangilio sahihi wa reli ya Mombasa, bila shaka. Mzee wa funguo aliyekuwa akisikiliza mlangoni alicheka mpaka akaketi.

Jumamosi, 1 Machi

Likizo fupi ya shule. Wanne tu. Kofia hatarudi: mama yake amehamia Kitengela na nauli ya watu wawili kila wiki haiwezekani. Simba ana homa.

Jumamosi, 8 Machi: chumba cha wazazi

Ramadhani, kwa hivyo chai imehamishwa chumba cha nyuma kwa heshima ya wanaofunga, na vijana wamepata zoezi la bure la lini usiseme *karibu chai*.

Leo nilikaa na wazazi. Nilitarajia tuzungumzie kuwaalika wenzao nyumbani, moja ya masomo ya PEERS. Mama Daktari akasema hilo ni jambo la watu wenye sebule. Kisha akasimulia kilichompata miaka miwili iliyopita. Alikuwa na mwanawe mjini. Gari likapasua tairi karibu nao. Mtoto akaziba masikio akakimbia, kama anavyokimbia kila sauti kubwa ikimpiga. Watu hawakusikia tairi, walimwona kijana mrefu anakatiza mbio katikati ya umati. Mtu mmoja akasema, "Shika huyo!" Ilichukua muda wa kusema hilo neno tu, wakawa kumi nyuma yake. Aliyemwokoa ni mama muuza ndizi, ambaye walikuwa wakimsalimia kila Jumamosi wakienda kliniki. Alimvuta, akamkalisha nyuma ya beseni lake, akawaambia wale watu, "Huyu ni wangu."

Chumba kilikuwa kimya. Kisha kila mzazi akawa na yake.

Nimerudi nyumbani nikaitazama ile orodha ya mikutano 14 kwa jicho jingine. Salamu tuliyoiona ni utangulizi ndiyo mtaji wote. Yule mama hakujua usonji ni nini, na hakuna siku aliyozungumza na Daktari zaidi ya "Habari ya asubuhi" na "Nzuri". Ile *nzuri*, ambayo Malkia aliiita uongo, ndiyo iliyomfanya mtoto awe wa mtu.

Mpango umebadilika kuanzia wiki ijayo. Kila kijana atachora njia yake kutoka nyumbani hadi shule au steji, na kwenye njia hiyo atafute watu watano wasiohama: fundi viatu, mlinzi wa geti, mama mboga, muuza magazeti, mtu wa M-Pesa. Kazi ya nyumbani ni hodi moja kwa kila mmoja, kila siku. Mzazi atapita mara moja ajitambulishe. Na tutafanyia mazoezi jambo ambalo sikupenda kulifanyia mazoezi: ukisikia watu wanakupigia kelele, usikimbie, kaa chini, mikono juu ya magoti ionekane, sema jina lako. Watatu wana kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na wataibeba shingoni chini ya shati. Baba mmoja amekataa kadi. Anasema ni kumpiga mwanawe muhuri. Sikubishana naye.

Jumamosi, 15 Machi

Mchezo wa kupokezana hadithi. Nilisoma kuhusu jaribio la Edinburgh la 2020: watu 72 wakapangwa minyororo ya wanane wanane, wakapokezana hadithi mmoja kwa mmoja. Minyororo ya watu wenye usonji watupu ilihifadhi hadithi sawa na ile ya wasio na usonji watupu. Iliyopoteza zaidi ni ile iliyochanganya. Inaendana na alichoandika mtafiti Damian Milton 2012, naye mwenyewe ana usonji: kutoelewana ni barabara ya njia mbili, na sisi tumezoea kumtoza faini dereva mmoja.

Letu halikuwa jaribio, lilikuwa mchana wa joto na hadithi ya mbuzi aliyepanda matatu. Vijana waliifikisha ikiwa na namba ya matatu, rangi ya mbuzi na nauli. Wazazi waliifikisha ikiwa ni ng'ombe, na alikuwa amekufa. Chapo hajaacha kulitaja.

Jumamosi, 22 Machi: matatu

Safari ya mjini na kurudi kwa matatu ya 58. Vijana sita, watu wazima watatu. Kila mmoja alikuwa na kazi moja: kulipa, kudai chenji, kuomba kushushwa, kumwambia mtu "samahani, nipishe". Malkia na vipokea sauti vyake vya kuzuia kelele, kwa makubaliano.

Kwenda ilikuwa shwari. Kurudi mvua ikaanza, ile ya kwanza ya msimu, na kila mkaaji wa Nairobi anajua mvua hufanya nini kwa nauli. Makanga alikuwa ameita "hamsini, hamsini" tukiwa steji. Tulipofika katikati ya safari akaanza kukusanya sabini. Daktari akampa hamsini. "Ongeza mbao, buda." "Ulisema hamsini." "Mvua, bro." "Ulisema hamsini mvua ikinyesha tayari. Ilianza saa nane na dakika tano. Ulisema saa nane na dakika tisa."

Nilijua ingeishia wapi. Nikawa nafungua pochi nilipe, mwenzangu akanishika mkono. Gari zima lilikuwa limegeuka. Makanga alimtazama Daktari, akatutazama sisi, akaona bila shaka kwamba huyu kijana hana hasira, hapigi kelele, anasoma tu kumbukumbu. Akasema kwa sauti ya kila mtu: "Huyu hana makosa. Ni sisi tumepandisha." Akamrudishia macho dereva, akapita. Abiria wa nyuma, wenye akili, wakaanza wote kudai kwamba nao walisikia hamsini.

Tulipojadili baadaye nilikuwa na swali halali: nimfundishe Daktari kwamba kuna siku unalipa sabini ukanyamaza? Siku nyingine, makanga mwingine, angeshushwa kwenye matope. Tumelijadili karibu saa nzima na hatukukubaliana. Alichokubali yeye ni hiki: atalipa, *kisha* atasema ulisema hamsini. Mpangilio, alisema, anaweza kuubadilisha. Ukweli hawezi.

Tumeandika karatasi moja kwa makanga na madereva wa steji yetu, kwa lugha yao: kijana akiziba masikio usimguse, akiuliza nauli mara mbili anataka uhakika, hakudharau, mwambie steji yake moja kabla. Nilitarajia ziishie kufungia njugu. Wawili wameziomba za ziada.

Jumamosi, 29 Machi

Malkia hakuingia. Nilimkuta nje kwenye ngazi.

Ana miaka 16 na kwenye fomu zote yeye ndiye tuliyejivunia. Anasalimia, anacheka mahali pake, anauliza "na wewe je?" Aliniambia akifika nyumbani Jumamosi hulala mpaka jioni bila kula. Shuleni hivyohivyo, siku tano. Amejifunza kucheka kwa kumwangalia msichana mmoja darasani na kuhesabu. "Ticha, mnanifundisha kuwa nani? Huyo nilikuwa tayari."

Nilikuwa nimewasomea wazazi kwa fahari matokeo ya Sweden ya 2017, ya mafunzo ya kundi yanayoitwa KONTAKT, yenye watoto na vijana 296, ambapo waliofaidika zaidi walikuwa vijana wakubwa na wasichana. Sikuwahi kujiuliza msichana anayefaidika analipa nini. Vipimo vyetu vinahesabu kinachoonekana, na Malkia anaonekana vizuri sana.

Tuliingia pamoja, nikamwomba ruhusa ya kuwaambia wengine, akasema ataeleza mwenyewe. Alieleza. Nyuki akasema naye huumwa kichwa kwa kujizuia. Kazi ya wiki hii kwa wote: chagua mtu mmoja nyumbani ambaye mbele yake hutafanya lolote kati ya tuliyokufundisha. Mama Malkia amekubali kuwa huyo mtu. Alilia kidogo, kisha akauliza kama inamaanisha hataamkiwa tena asubuhi. Ndiyo, mama. Inamaanisha hivyo.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya Usonji Duniani. Fulana za buluu, hotuba, hema. Reli alienda shule kama kawaida, akarudi, hakuna aliyemwambia.

Jumamosi, 12 Aprili: hesabu

Ya mwisho. Mikutano 12 kati ya 14 iliyopangwa, vijana sita waliomaliza. Simba aliacha baada ya homa. Nilimtembelea, akaniambia kwa adabu kwamba viti vile vya plastiki vina mlio. Siku zote hizo hatukumuuliza.

Maswali ya maarifa: wote wamepanda, Nyuki amepata yote. Fomu za walimu: tuligawa sita, zimerudi tatu, na mbili hazioni tofauti. Ningependa kusema hiyo ni bahati mbaya yetu, lakini uchambuzi wa 2017 uliokusanya majaribio 19 ya mafunzo ya aina hii ulikuta jambo hilohilo. Vijana wenyewe walisema wamejifunza mengi, hasa kwa sababu walijua zaidi, na walimu hawakuona badiliko. Nimeandika hivyo kwenye ripoti ya wafadhili wetu, yaani kanisa na shangazi wa kijana wa chai.

Kipimo chetu wenyewe kilikuwa wale watu watano wa njiani. Reli watano. Daktari watano, na orodha ya saa zao za kazi. Chapo tisa, na watatu kati yao humpa chakula. Namba Saba wawili. Nyuki husahau majina lakini wao wanalijua lake. Malkia mmoja, fundi cherehani, na amesema inatosha. Nimeandika moja, bila maelezo.

Jumamosi, 17 Mei: ufuatiliaji

Wiki tano baadaye, simu kwa wazazi wote. Viti: tumepata mabenchi kwa kundi lijalo, Simba amealikwa kuyakalia kwanza ayajaribu. Malkia hataki kurudi kama mwanafunzi. Anataka kukaa upande wetu wa meza na kuandika upya swali la 4 la fomu, linalouliza "huchangamka mara ngapi". Tumempa.

Mama Reli alikuwa na wasiwasi. Tangu likizo, kila Jumapili ya pili Reli na Daktari hukutana stesheni ya Makadara kutazama treni. Saa na mahali zimeandikwa, hakuna anayechelewa. Wanaketi ukingoni kwa muda wa saa mbili. Alienda kuwachungulia akiwa nyuma ya kibanda, na katika muda wote huo walisema, kwa hesabu yake, maneno saba, na manne kati ya hayo yalikuwa namba. Akaniuliza, ndivyo walivyofundishwa? Awakatize awaongeleshe? Kwenye fomu yangu, mstari wa "mazungumzo ya pande mbili", hiyo ni sifuri, na nimeiacha sifuri.

Nilimuuliza kama pale stesheni kuna mtu yeyote anayewajua. Akasema yuko muuza njugu, huwasalimia wakifika, nao huitikia. Nikamwambia Jumapili ijayo awape pesa ya njugu, wanunue wenyewe.